Injini ya 2F: Pima Kwanza, Ongeza Baadaye

Leo tunazungumzia injini, na hasa injini moja ambayo wengi wenu mnaijua kwa mlio wake hata kabla gari halijatokeza kwenye kona: ile ya petroli ya silinda 6 iliyofungwa kwenye Land Cruiser za zamani, FJ40 fupi, FJ45 pikapu na FJ55 ndefu. Magari haya yanatafutwa upya. Yaliyolala miaka nyuma ya nyumba yanavutwa hadi gereji, yanafunguliwa, yanafufuliwa. Na kila injini inaposhushwa huzuka hoja ileile: maadamu tumeshaifungua, kwa nini tusiiongeze nguvu? Tuchonge silinda hadi mwisho, tufunge kabureta mbili au tatu, tutafute kemshafti kali. Naielewa hamu hiyo na siibezi. Lakini nashikilia kwamba kwa injini hii fedha za namna hiyo zinakwenda pasipo. Nguvu ambayo mwenye gari ataihisi akiwa na mzigo mlimani inatokana na vipimo sahihi, hedi iliyotengenezwa vizuri, na moto wa plagi unaowaka kwa wakati wake. Mengine yanaweza kungoja, na mengi hayana haja kabisa.

Tuitazame injini yenyewe. Toyota walipotengeneza injini yao ya kwanza ya gari mwaka 1935, ile ya aina ya A, waliichukulia mfano Chevrolet ya silinda 6 ya wakati huo. Injini ya aina ya F iliyokuja baadaye ni ya ukoo huohuo: bloku na hedi za chuma cha kusubu, vali za juu zinazosukumwa kwa pushrodi, na kemshafti inayozungushwa kwa gia badala ya cheni. Silinda zake zilikuwa na kipenyo cha milimita 90, na pistoni ikisafiri milimita 101.6, jumla ya ujazo sisi (sentimita za ujazo) 3,878. Mwaka 1975 ikaja 2F yenye kipenyo cha milimita 94 na mwendo uleule wa pistoni, ujazo sisi 4,230. Kiwanda kilitangaza nguvu za farasi 135 kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika. Lakini takwimu ninayotaka uishike ni nyingine. Nguvu ya kuvuta, ile ambayo mafundi wanaiita toki, hufika kilele chake cha nyutoni-mita 285 hivi kwenye mizunguko 1,800 tu. Hiyo ndiyo tabia ya injini ya lori, na kweli injini ya F ilifungwa pia kwenye malori ya Toyota. Walioibuni walitaka gari lililojaa mzigo liondoke na kupanda bila kulikanyagia mafuta hadi chini.

Sasa, mtu akisema anaiongezea nguvu injini kama hii, lazima tumuulize ni nguvu gani na kwenye mizunguko mingapi. Ushahidi mzuri uko Marekani, tena kwa ndugu wa injini hii. Mwaka 1953 Chevrolet walikuwa na silinda 6 ya inchi za ujazo 235, ambayo kwenye magari yao ya kawaida yenye gia za otomatiki za Powerglide ilitoa farasi 115. Mwaka huohuo wakaichukua injini hiyo na kuitengeneza kwa ajili ya Corvette ya kwanza. Walifanya karibu kila jambo ambalo vijana wetu wanalitamani: kompresheni ilipandishwa hadi 8 kwa 1, kemshafti ikawekwa ya kuinua vali juu zaidi, springi za vali zikawa mbilimbili, kabureta zikawa tatu, eksozi ikagawanywa mara mbili. Ikatoa farasi 150 kwenye mizunguko 4,200. Hilo ni ongezeko la asilimia 30, na kwenye tangazo la biashara linapendeza. Ila toki ilipanda kutoka pauni-futi 204 hadi 223, yaani asilimia 9 tu. Kwa kuwa farasi ni toki ikizidishwa kwa mizunguko, sehemu kubwa ya ongezeko lile ilitokana na kuizungusha injini haraka zaidi. Anayeendesha gari la michezo kwenye lami tupu atalifurahia. Anayepanda na magunia ya viazi kwenye gia ya pili, injini ikiwa mizunguko 2,000, hafikishiwi hata hiyo 9 kamili. Na waliofanya kazi ile walikuwa wahandisi wa kiwanda, wenye vifaa vyote vya kupimia.

Mizunguko hiyo ya juu ina gharama yake ndani ya bloku. Kranki ya 2F ni ndefu, inabeba pistoni 6 nzito, na imeshikwa na beringi kuu 4 peke yake, kwa hiyo kati ya kila beringi mbili kuna konrodi mbili zinazoivuta na kuisukuma. Kwenye mizunguko 3,600 pistoni inakwenda kwa wastani wa mita 12 kwa sekunde. Ipandishe hadi 5,000 na mwendo huo unakuwa mita 17, lakini nguvu inayovuta boliti za konrodi haiongezeki kwa kadiri hiyo. Inakua kwa kipeo cha pili, kwa hiyo inakaribia kuwa maradufu. Chevrolet wenyewe walipotoa kizazi kipya cha silinda 6 mwaka 1962 waliweka beringi kuu 7, kwa sababu walijua 4 zina kikomo. Atatokea wa kusema: mbona Wamarekani walishindana mbio kwa injini hizi za zamani na wakashinda? Ni kweli walishinda. Lakini tazama walianzia wapi. Hedi ya kiwandani ya Chevrolet ilikuwa na vali 6 za kuingiza zilizogawana njia 3, kila silinda mbili njia moja. Mmoja wa watengenezaji wao, Wayne Horning, akatengeneza hedi yenye njia 12, kila vali na yake. Yaani hata wale wakimbiaji walianza na pumzi ya injini, na injini zao zilifunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara. Gari la shamba halifunguliwi hivyo.

Jambo la pili ambalo halisemwi gereji ni kwamba nguvu nyingi inayotafutwa haijawahi kuongezwa na mtu yeyote, ilikuwapo, ikapotea. Kipimo cha kompresheni cha 2F nzima ni kama psi 150, na kitabu cha kiwanda kinaihesabu imechoka ikishuka chini ya 115 hivi. Injini iliyochoka ikirudishwa kwenye hali yake, dereva huapa kwamba imefungwa turbo. Hapa nataka nikae kidogo, maana kuna kosa linalowagharimu watu wa nyanda za juu. Vipimo vya kitabu ni vya usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu, na shinikizo la hewa yake ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Injini ileile inayosoma 150 Mombasa itasoma 120 na kidogo Nairobi, bila kasoro yoyote. Fundi asiyelijua hilo ataihukumu injini nzima kuwa imekufa, na mwenye gari atalipia pistoni ambazo hakuzihitaji. Cha kuangalia ni tofauti baina ya silinda na silinda. Zikiwa zote 6 zinakaribiana, tulia. Ikiwa moja au mbili zimeachwa nyuma, mimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi upime tena: ikipanda, ringi zimelika, isipopanda, tafuta kwenye vali au gasketi ya hedi. Na hesabu hiyohiyo ya mwinuko inatuambia jambo lingine. Farasi 135 za Mombasa ni kama 110 hadi 115 zikifika Nairobi. Mlima unachukua zaidi ya kile ambacho vifaa vingi vya dukani vinaahidi kukupa.

Tufungue basi. Hedi ikitoka, pitisha ukucha kutoka ukingo wa juu wa silinda kwenda chini. Kwenye injini iliyofanya kazi sana ukucha utakwama kwenye kingo ndogo, mahali ringi ya juu inapogeukia. Juu ya kingo chuma ni kipya kama kilivyotoka kiwandani. Chini yake kimelika. Hapo ndipo ule mtindo wa kubadili ringi tu unapoonyesha hasara yake, kwa sababu ringi mpya yenye pembe kali ikipanda inagonga kingo hiyo na kuvunjika, au inavunja mfereji wake kwenye pistoni. Kisha silinda ipimwe kwa geji ya saa, juu, katikati na chini, kwa urefu wa bloku na kwa upana wake, kwa maana silinda haiviringiki tena ikilika. Inakuwa kama yai kwa juu na kupungua kuelekea chini. Vipimo hivyo ndivyo vinavyoamua kama ichongwe na kwa ovasaizi gani, wala si pistoni zilizopatikana dukani wiki hiyo.

Nasisitiza hili kwa sababu ya hesabu ndogo ambayo yeyote anaweza kuifanya. Ukiichonga 2F kutoka milimita 94 hadi 95, ambayo ni ovasaizi ya milimita nzima, ujazo unapanda kutoka sisi 4,230 hadi 4,320. Ongezeko ni sisi 90, asilimia 2. Hakuna dereva duniani atakayeihisi asilimia 2. Lakini ukuta wa silinda umepungua unene, na bloku imepoteza fursa moja ya kutengenezwa siku za usoni, nayo bloku hizi hazisubiwi tena. Kama nusu milimita inatosha kusafisha silinda zote, nusu milimita ndiyo ya kuchukua. Kuchonga zaidi kwa ajili ya nguvu ni kula urithi wa injini.

Chini kwenye kranki kazi ni ya upole na uvumilivu. Jenoli kuu 4 za 2F hazilingani unene. Ya mbele ndiyo nyembamba, na zinaongezeka kuelekea nyuma, kwa hiyo magamba ya beringi hayabadilishani nafasi. Kujua kama nafasi ya oili ni sahihi kuna njia rahisi mno. Kuna uzi laini wa plastiki unaouzwa kwa kazi hii. Unakata kipande, unakilaza juu ya jenoli kavu, unafunga kifuniko kwa toki renchi hadi kipimo cha kitabu bila kuizungusha kranki, kisha unafungua. Uzi umebanwa ukatanuka, na upana wake ukilinganishwa na alama za kwenye bahasha yake unakuambia nafasi iliyobaki. Haichukui muda hata kidogo ukilinganisha na siku za kuishusha injini tena, na inatofautisha injini itakayoshika oili presha miaka mingi na ile itakayoanza kugonga kabla ya Krismasi. Pistoni nazo zipimwe uzito pamoja na konrodi zake na zisawazishwe. Hilo halitangazwi na mtu, lakini kwenye kranki ndefu hivi ndilo linaloleta utulivu.

Kama una fedha za kuongeza, basi, zipeleke kwenye hedi. Kwanza viti vya vali. Zamani risasi iliyokuwamo kwenye petroli ilikilinda kiti cha vali ya eksozi kisilike, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo ulipoingia mwaka 2006. Hedi ambayo viti vyake vimezama ifungwe viti vipya vya chuma kigumu, pamoja na miongozo mipya ya vali. Kisha chumba cha moto. Kompresheni ya kiwandani ya 2F ni 7.8 kwa 1, ambayo kwa petroli ya leo ni ya chini. Kila silinda ina sisi 705, kwa hiyo nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu, ukijumlisha unene wa gasketi, ni kama sisi 104. Ipunguze hadi 94 na umefika 8.5 kwa 1. Faida yake kwa hesabu ya vitabuni haifiki asilimia 3, na sitaki nikudanganye kwamba ni zaidi. Tofauti yake na kabureta tatu ni kwamba asilimia hiyo iko kwenye mizunguko yote, kuanzia gari linapoondoka, na haikuongezei tone la petroli. Lakini hedi isikwanguliwe kwa kukisia. Weka kipande cha plastiki angavu chenye tundu juu ya chumba, jaza kwa sirinji ya mafuta ya taa, andika kiasi kilichoingia, rudia vyumba vyote 6. Vikilingana, injini itazunguka kimya. Na manifoldi ya kuingiza na ya eksozi, ambazo kwenye injini hii ziko upande mmoja na zimefungwa moja juu ya nyingine, zinyooshwe uso zikiwa zimeshaunganishwa. Zikinyooshwa kila moja peke yake hewa itapenya, na utairekebisha kabureta mwaka mzima bila kupona.

Baada ya hapo ni taimingi. Distributa ya zamani yenye bushi zilizolika hurusha moto mapema kwenye silinda moja na kuchelewa kwenye nyingine, na hakuna kabureta itakayoponya hilo. Kuitazama si kazi ngumu: kwenye flaiwili kuna kipira kidogo cha chuma kilichopigiliwa, kinachoonekana kwa taa ya taimingi kupitia tundu la nyumba ya klachi, na kinaonyesha digrii 7 kabla ya pistoni kufika juu. Onyo langu ni kwa wanaoishi juu na kushuka pwani. Kwenye hewa nyepesi ya nyanda za juu injini inavumilia kompresheni zaidi na taimingi ya mapema zaidi, na gari linakuwa jepesi. Literemshe hadi Mombasa kwa mpangilio huohuo, hewa ikawa nzito, joto likapanda, na itaanza kugonga kama mtu anayetikisa misumari kwenye kopo. Kugonga huko ndiko kunakovunja pistoni. Gari linalofika baharini litengenezwe kwa kipimo cha baharini.

Kuna pingamizi kubwa kuliko yote niliyotaja, nayo ni kwamba mtu mwenye akili angeitoa petroli hiyo na kufunga dizeli ya Toyota ya 1HZ. Nalipa uzito wake. Injini ya 2F inakula petroli kiasi cha lita moja kwa kilomita 5 hadi 6, na anayetembea kilomita mia kila siku kwa biashara hana sababu ya kubishana, dizeli itamlipa. Ila asifunge dizeli kwa kuamini kwamba anapata mvuto mkubwa zaidi. Ujazo wa 1HZ ni sisi 4,164 na toki yake ni kama nyutoni-mita 285, karibu sawasawa na ile iliyotangazwa kwa 2F. Ni haki kuongeza kwamba takwimu ya 2F ilipimwa kwa njia ya zamani, injini ikiwa bila mizigo yote ya garini, kwa hiyo halisi iko chini kidogo. Hata hivyo anachonunua mtu huyo ni nafuu ya mafuta, na bei yake ni mikono mipya ya kushikia injini, nyumba ya klachi, mara nyingine giaboksi na redieta, pamoja na safari ya kubadilisha namba ya injini kwenye kadi ya gari. Kwa gari linalotembea mwisho wa wiki au msimu wa mavuno, hesabu hiyo haifungi. Wanaopendekeza kuondoa kabureta na kuweka mfumo wa kupuliza petroli kwa umeme, hao siwapingi, mradi bloku na hedi zimeshapimwa. Ukiuweka kwenye injini iliyolika umeipamba tu.

Neno la mwisho ni la siku ya kwanza ya kuwasha, kwa sababu kazi ya mwezi mzima inaweza kuharibika kwa nusu saa. Kama kemshafti na tapeti ni mpya, zipakwe mafuta yake ya kuanzia, itumiwe oili yenye zinki ya kutosha, na injini ikishawaka isiachwe izunguke polepole; ishikiliwe kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika 20 huku ukitazama geji ya oili na ya joto. Kisha kaza hedi tena kwa mpango wake na useti tapeti injini ikiwa moto: milimita 0.20 za kuingiza, 0.35 za eksozi. Na kabla ya hayo yote, kabla hujatoa fedha ya pistoni, mwombe fundi wako karatasi yenye vipimo vya silinda zote 6, jenoli zote za kranki, na ujazo wa vyumba vyote vya moto, vimeandikwa kwa mkono wake. Bila karatasi hiyo, usinunue kitu.